Tusiuze Kifo cha Mhusika Kabla Hajafa

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa waandishi, waigizaji na watayarishaji wa tamthilia. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, ndugu waandishi na waigizaji, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimealikwa kuzungumzia mbinu za kuvuta watazamaji, nami nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti nijikite katika mbinu moja tu, kwa kuwa ndiyo inayoniuma kuliko zote: desturi ya vituo vya televisheni kukitangaza kifo cha mhusika kabla hakijatokea, ili watu wengi zaidi wakae mbele ya runinga usiku huo. Vionjo vyenyewe, yaani vipande vifupi vya kutangaza kipindi kijacho, mnavijua. Sauti nzito inasema kwamba wiki ijayo mmoja wao hatatoka akiwa hai, nyuso sita zinapita haraka haraka, kisha giza. Kuanzia hapo watu hawaulizani tena hadithi inaelekea wapi. Wanaulizana jambo moja: ni nani?

Je, swali hilo la "ni nani" linamfanya nini mtazamaji wetu? Linaifanya nini hadithi tuliyoijenga kwa miezi? Na faida yake inakwenda mfukoni mwa nani? Mifano yangu mingi itatoka Uingereza na Marekani, kwa sababu huko ndiko mbinu hii ilikokomaa, na huko ndiko tunakoweza kuyaona matokeo yake kwa miongo kadhaa.

Niruhusuni nianzie redioni, tarehe 22 Septemba 1955. Jioni hiyo jijini London kituo cha ITV kilikuwa kinafunguliwa, na kwa mara ya kwanza BBC ilikuwa inapata mshindani wa televisheni anayeishi kwa matangazo ya biashara. Nchi nzima ilitarajiwa kuzungumzia uzinduzi huo. Lakini jioni hiyo hiyo, katika The Archers, tamthilia ya redio ya BBC inayohusu familia ya wakulima katika kijiji cha kubuni, mke kijana aitwaye Grace, ambaye alikuwa ameolewa miezi michache tu kabla, aliingia ndani ya banda lililokuwa likiteketea ili amwokoe farasi, akaumia vibaya, na akafa. Inakadiriwa kwamba watu milioni 20 walikuwa wakisikiliza. Simu za BBC zilizidiwa na wapigaji, watu walilia kama waliofiwa na jirani, na kulipopambazuka gumzo lilikuwa Grace, si ITV.

Tarehe ile haikuwa sadfa. Ilichaguliwa. Kifo kile kilikuwa silaha ya kituo kimoja dhidi ya kingine, na hatuna sababu ya kukipamba. Kuna jambo jingine pia, ambalo waigizaji mliomo humu mtalielewa bila maelezo marefu. Ysanne Churchman, aliyekuwa sauti ya Grace, alikuja kueleza kwamba aliamini mhusika wake ndiye aliyechaguliwa kufa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akidai haki za malipo ya waigizaji. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, nyuma ya kifo cha mhusika mmoja kulikuwa na mambo mawili ambayo msikilizaji hakuyaona: vita vya vituo na mvutano wa ajira.

Hata hivyo, ndugu zangu, liangalieni jambo moja ambalo BBC hawakulifanya. Hawakukitangaza. Aliyewasha redio jioni ile alidhani anasikiliza sehemu ya kawaida kama ya jana na juzi, na kifo kikamkuta kama vifo vinavyotukuta sisi, bila kubisha hodi. Walichagua siku kwa hila, nakubali, lakini hawakumnyang'anya msikilizaji haki ya kushtuka na kuomboleza. Hatua hiyo ya pili ilikuja baadaye.

Marekani jambo hili likapewa kalenda. Kampuni ya Nielsen, inayohesabu watazamaji, ilikuwa ikipeleka vijitabu katika kaya zilizochaguliwa, watu wakaandika kwa mkono kila walichokitazama, na hesabu za miezi minne ya mwaka, yaani Novemba, Februari, Mei na Julai, ndizo ambazo vituo vya miji mbalimbali vilizitumia kupanga bei ya matangazo yao ya biashara. Mnaelewa maana yake? Kituo kilichovuna watazamaji katika majuma machache ya Novemba kiliendelea kula matunda yake kwa miezi iliyofuata. Basi harusi zikahamishiwa Novemba. Uzazi ukahamishiwa Februari. Na vifo vikafuata. Katika tamthilia ya polisi NYPD Blue, mpelelezi Bobby Simone alifariki tarehe 24 Novemba 1998. Katika ER, tamthilia ya hospitali, Lucy Knight, mwanafunzi wa udaktari, alikufa kwa majeraha ya kisu Februari 2000, na Dakta Mark Greene akafariki kwa uvimbe wa ubongo Mei 2002. Je, tushangae kwamba mauti yaliwafuata wote hawa katika miezi ya kuhesabu?

Sisemi kwamba vifo hivyo viliandikwa vibaya. Cha Simone kiliandikwa kwa uvumilivu mkubwa: moyo wake uliugua, akawekewa mwingine, tumaini likarudi, maambukizi yakaja, na mtazamaji akatembea naye hatua kwa hatua. Ninachosema ni kwamba pale tarehe inapotangulia na sababu ikatafutwa baadaye, mwandishi anakuwa ameshapokonywa kalamu, hata kama bado ameishika mkononi. Vijitabu vile viliachwa mwaka 2018. Tabia iliyozaliwa navyo haikuachwa.

Sasa twende kwenye fumbo, maana hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.

Tarehe 21 Machi 1980, katika tamthilia ya Dallas ya kituo cha CBS, tajiri wa mafuta J.R. Ewing alipigwa risasi ofisini kwake na mtu asiyeonekana, na msimu ukaishia hapo. Mgomo wa waigizaji ukachelewesha msimu mpya, na jibu likaja tarehe 21 Novemba, miezi minane baadaye. Katika kipindi hicho watu walivaa fulana zenye swali la nani alimpiga risasi J.R., wacheza kamari wakawekeana dau, na swali likaingia hata katika kampeni za urais za mwaka ule. Usiku wa jibu, Wamarekani wapatao milioni 83 walitazama. Kati ya televisheni zilizokuwa zimewashwa nchini humo wakati ule, asilimia 76 zilikuwa zikionyesha Dallas. J.R. mwenyewe hakufa. Lakini wakuu wa vituo walijifunza somo lao: watu hawaji kwa ajili ya mtu aliyepigwa, wanakuja kwa ajili ya jibu. Naamini lilikuwa somo baya, na limetugharimu sana.

Nieleze kwa nini naliita baya. Mtazamaji anayeomboleza anamfikiria marehemu. Mtazamaji anayebahatisha anajifikiria yeye mwenyewe, kama amepatia au amekosea. Ukishamfundisha mtu kubahatisha, hata ukimwonyesha jeneza atakuwa anahakiki jibu lake. Kwetu tanzia hutangazwa baada ya mtu kukata roho. Mtu anayezunguka mtaani akipiga mbiu ya msiba wakati mgonjwa bado anapumua hatumwiti mtoa habari, na nyote humu mnajua tunamwitaje.

Mfano mkubwa kuliko yote niliyoifuatilia ni The Walking Dead, tamthilia ya kituo cha AMC inayohusu watu wanaojaribu kuishi katika dunia iliyojaa maiti zinazotembea. Iliwahi kuwa tamthilia yenye watazamaji wengi kupita zote katika televisheni ya kebo ya Marekani. Tarehe 25 Oktoba 2015, Glenn, kijana aliyekuwemo tangu msimu wa kwanza na aliyependwa kwa wema wake, alionekana akianguka katikati ya maiti hizo, na matumbo yakiraruliwa juu yake. Watayarishaji wakaliondoa hata jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, katika orodha inayoonyeshwa mwanzoni mwa kipindi. Watu wakaomboleza takriban mwezi mzima. Kisha ikabainika kwamba matumbo yale yalikuwa ya mwenzake aliyemwangukia, na kwamba Glenn alikuwa ametambaa chini ya pipa kubwa la taka akanusurika.

Je, mtu aliyelia kwa uongo atalia tena kwa kweli?

Hawakungoja jibu. Tarehe 3 Aprili 2016 msimu ulimalizika kwa wahusika kumi na mmoja kupigishwa magoti mbele ya muuaji aitwaye Negan, aliyeshika rungu lililozungushiwa seng'enge na kuwapitia mmoja baada ya mwingine akichagua wa kumuua. Akachagua. Rungu likashuka. Lakini kamera ilikuwa imewekwa mahali pa macho ya anayepigwa, ili asijulikane, na picha ikafifia hadi giza. Kwa zaidi ya miezi sita kituo kiliuza swali hilo moja. Jibu lilipotolewa tarehe 23 Oktoba, watu wapatao milioni 17 walikuwa mbele ya runinga. Waliokufa walikuwa wawili, Abraham, na baada yake Glenn yule yule, na waliuawa kwa ukatili ambao uliwafanya hata mashabiki wa muda mrefu wageuze nyuso. Wiki iliyofuata waliorudi walikuwa takriban milioni 12 na nusu, na katika misimu iliyokuja hesabu iliendelea kushuka. Sidai kwamba anguko hilo lilikuwa na sababu moja tu. Nasema kwamba milioni 17 walikuja kuchukua jibu, na aliyekuja kuchukua jibu, akishalipata, hana sababu ya kubaki.

Na tazameni kilichopotea. Glenn, fuvu lake likiwa limeshapasuliwa, alimgeukia mkewe Maggie, mjamzito, aliyekuwa amepiga magoti hapo hapo, akamwambia kwamba atamtafuta. Fikirini sentensi hiyo. Mtu anakufa, na anamwahidi mkewe kwamba atamtafuta. Mwandishi yeyote humu ndani angejivunia kuiandika. Lakini ilisemwa mbele ya watu waliokuwa wamefundishwa kwa nusu mwaka kuhesabu vichwa. Kituo kiliwekeza miezi sita katika jina la marehemu, na hakikuwekeza hata wiki moja katika maneno yake ya mwisho.

Kuhusu vifo vya kufutwa sitakaa sana. Bobby Ewing wa Dallas alikufa mwaka 1985, na mwaka 1986 akarudi, tukaambiwa kwamba msimu mzima ulikuwa ndoto ya mkewe. Brian, mbwa wa katuni ya Family Guy, aligongwa na gari tarehe 24 Novemba 2013. Maelfu kwa maelfu ya watu wakatia saini kuomba arudishwe, na kabla Desemba haijaisha alikuwa amerudi, kama ilivyokuwa imepangwa tangu awali. Wako watakaosema kwamba katuni ni katuni. Mimi nasema kwamba kila kifo cha kufutwa kinamfundisha mtazamaji asiamini kifo kinachofuata, hata kikiwa cha tamthilia nyingine na mwandishi mwingine asiye na kosa.

Inanipasa niwatendee haki wale waliotumia fumbo wakabaki na utu. This Is Us, tamthilia ya NBC iliyoanza mwaka 2016, iliwajulisha watazamaji mapema kwamba Jack, baba wa familia, alikuwa ameshafariki. Kilichofichwa kwa karibu misimu miwili ni namna alivyokufa. Jibu liliwekwa makusudi tarehe 4 Februari 2018, mara baada ya fainali ya mpira wa Kimarekani iliyorushwa na kituo hicho hicho, na karibu watu milioni 27 walitazama. Siku chache kabla yake ilikuwa imeonyeshwa kwamba moto ulioiunguza nyumba yao ulianzia kwenye chungu kikuukuu cha umeme cha kupikia polepole, na watazamaji wakaanza kuviogopa vyungu vya majumbani mwao kiasi kwamba kampuni ya Crock-Pot ililazimika kujitokeza hadharani kuwahakikishia wateja usalama wa bidhaa zake. Haya yote ni biashara, na biashara kubwa. Lakini waandishi walijua kwamba jibu peke yake halitoshi. Jack hafi motoni. Anatoka, anafikishwa hospitali, anataniana na mkewe, kisha moyo wake unasimama kwa sababu ya moshi aliovuta. Mkewe Rebecca yuko kwenye mashine ya kuuzia vitafunio, daktari anampa habari, na yeye anakataa kuamini na kuendelea kuitafuna ile chokoleti aliyoinunua. Hapo hakuna anayebahatisha tena. Hapo kuna mjane tu, na chakula kinywani mwake. Waliokoa kifo kile kutoka mikononi mwa idara ya matangazo, na nawapongeza kwa dhati, ingawa naamini wangeweza kutufikisha pale bila kutuchezesha kwa misimu miwili.

Je, ipo njia nyingine? Ipo, na ina ushahidi.

Tarehe 18 Machi 1975 CBS ilionyesha sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu wa M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa Kimarekani katika vita vya Korea. Kamanda wao, Luteni Kanali Henry Blake, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Wanamfanyia karamu, wanamkumbatia, anaondoka. Kwa mtazamaji hadithi imekwisha kwa furaha. Kisha karani kijana, Radar, anaingia katika chumba cha upasuaji na karatasi mkononi, anasoma kwamba ndege ya Blake imedunguliwa juu ya Bahari ya Japani na hakuna aliyenusurika. Madaktari hawaachi kushona majeruhi walio mbele yao. Chombo kimoja kinaanguka sakafuni. Basi. Watayarishaji Larry Gelbart na Gene Reynolds walikuwa wameificha karatasi hiyo ya mwisho hata kwa waigizaji wengi hadi matukio mengine yote yaliporekodiwa. Hakuna kionjo kilichomwandaa mtu. Barua za hasira zilimiminika, na naona hasira ile ilikuwa ya haki, kwa sababu vita ndivyo vinavyofanya: havimjali mtu aliyeshafunga mizigo. Tamthilia hiyo iliendelea hadi 1983. Haikufa kwa kukosa kionjo.

Na sasa mfano ninaoupenda kuliko yote, kutoka katika kipindi cha watoto wadogo. Will Lee, mzee aliyeigiza mwenye duka Bwana Hooper katika Sesame Street, alifariki dunia Desemba 1982. Wangeweza kumweka mwigizaji mwingine. Wangeweza kusema amehama. Waliamua kuwaambia watoto ukweli. Waliwauliza wataalamu wa saikolojia ya watoto, na wakaacha kwa makusudi kusema kwamba Bwana Hooper aliugua au alipelekwa hospitali, ili mtoto asije akaogopa kila homa na kila hospitali. Katika kipindi chenyewe Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano mwenye akili ya mtoto wa miaka sita, anamletea kila mtu picha aliyomchora, na ya Bwana Hooper anataka kumpa atakaporudi. Wakubwa wanamweleza kwamba hatarudi. Anauliza kwa nini iwe hivyo, na wanamjibu kwamba imekuwa hivyo kwa sababu imekuwa hivyo. Machozi ya waigizaji wale yalikuwa ya kweli, kwani walikuwa wamefiwa na mwenzao.

Mnajua kipindi hicho kilirushwa lini? Tarehe 24 Novemba 1983. Mwezi ule ule wa Novemba! Siku ile ile ya mwaka ambayo, miaka 15 baadaye, Bobby Simone angefariki wakati wa kuhesabu. Nao pia waliichagua tarehe, nao pia walipiga hesabu ya nani atakuwa nyumbani. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na waliichagua kwa sababu siku hiyo wazazi hawaendi kazini, ili kila mtoto atakayeuliza swali awe na mtu mzima pembeni wa kumjibu. Naomba mlizingatie hilo kwa makini: kupanga tarehe si dhambi. Swali ni tarehe inapangwa kwa faida ya nani.

Na msidhani kwamba sisi ni wageni wa jambo hili. Radio Tanzania ilipoanza kurusha tamthilia ya redio ya Twende na Wakati mwaka 1993, mamilioni walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani na mke wake, Tunu, nyumbani. Mkwaju akaambukizwa virusi vya UKIMWI. Wasikilizaji waliiona hatari ikimkaribia kutoka mbali, safari baada ya safari, na hawakuhitaji sauti nzito ya kuwatisha, kwa sababu kila kosa lake walikuwa wamelisikia kwa masikio yao. Hapo hatima ya mhusika ilitoka ndani ya mwenendo wake, na ndiyo maana watu waliijadili majumbani na vijiweni.

Ndugu wajumbe, nina mapendekezo machache ya kujadiliwa mchana.

La kwanza, na ndilo ninalolishikilia zaidi, ni kwamba mikataba yetu na vituo iwe na kifungu kinachosema kionjo chochote kinachogusa uhai wa mhusika hakirushwi kabla mwandishi mkuu hajakiona na kukubali. Sasa hivi skripti inatoka kwetu, inapita kwa mtayarishaji, na kionjo kinakatwa na mtu wa masoko ambaye huenda hajasoma zaidi ya ukurasa mmoja. Kijana huyo simlaumu. Ameambiwa alete watazamaji, na hakuna aliyemwambia kuna mpaka.

La pili linahusu kurasa za mitandaoni. Novemba 2014, The Walking Dead ilimwua Beth, na ukurasa wake rasmi wa Facebook ukaweka picha ya maombolezo wakati watu wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambako kipindi huonyeshwa saa tatu baadaye, hawajakiona. AMC iliomba radhi. Hapa kwetu wengi hutazama marudio ya siku ya pili, kwa sababu ya kazi au kwa sababu umeme ulikatika. Ukurasa wa kituo usitangaze kifo kabla ya marudio.

La tatu ni letu sisi waandishi, na halihitaji mkataba. Tukimwua mhusika, sehemu inayofuata iwe na msiba wake: nani aliyepokea habari, nani aliyechelewa mazishi, nani anayedaiwa, nani anayelea watoto. Tamthilia nyingi zinamzika mtu Jumatatu na Jumanne hatajwi tena. Hakuna nyumba ya Waswahili inayoishi hivyo.

Rasimu ya kifungu hicho cha mkataba nimemkabidhi Katibu, na nakala zipo mlangoni. Naomba waigizaji pia muisome, kwa maana mara nyingi mnapata habari ya kifo chenu kutoka kwenye kionjo kama mtazamaji mwingine yeyote, na ningependa tuongeze sentensi inayolizuia hilo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.